Kaburi la mwoka mikate na heshima ya kazi ya mikono

Adhabu ya kaburi, walinena wahenga, aijuaye maiti. Hatuna haja ya kubishana nao. Hata hivyo, yapo makaburi yenye siri ambazo si za maiti peke yake, siri ambazo hata mpita njia aweza kuzisoma kwa macho yake akiwa amesimama kando ya barabara. Kaburi moja la aina hiyo liko katika jiji la Roma, nchini Italia, nje tu ya lango la kale liitwalo Porta Maggiore. Aliyelijenga hakuwa mfalme, wala jemadari, wala mwana wa ukoo mtukufu. Alikuwa mwoka mikate.

Jina lake lilikuwa Marcus Vergilius Eurysaces, naye aliishi katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo, wakati jamhuri ya Warumi ilipokuwa ikiporomoka na utawala wa makaisari kuchipuka. Nia ya makala haya ni kulizuru kaburi hilo pamoja na msomaji, hasa mwalimu na mwanafunzi wa historia, tulitazame jiwe kwa jiwe, kisha tujiulize swali ambalo aghalabu hatuliulizi darasani: Je, historia ni mali ya watawala tu, au hata mtu ambaye mikono yake ilijaa unga anastahili ukurasa wake?

Kwanza yafaa tueleze kwa nini kaburi liwe barabarani. Warumi walikuwa na sheria za tangu katikati ya karne ya 5 K.K., zijulikanazo kama Sheria za Vibao Kumi na Viwili, ambazo zilipiga marufuku kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Kwa hiyo wafu waliwekwa nje ya malango, na mahali palipopendwa mno ni kando ya barabara kuu. Huko ndiko kila msafiri aingiaye na atokaye alikopita, na huko ndiko jamaa za marehemu walikotaka jina lao lisomwe. Mtu mwenye fedha hakungoja afe ndipo kaburi lifikiriwe. Alinunua kiwanja akiwa hai, akaita mafundi, akaamuru kwa kinywa chake mwenyewe jinsi alivyotaka kukumbukwa. Kaburi la Kirumi, basi, lilikuwa kama hotuba ambayo mtu aliwaachia watakaopita baada yake.

Wakubwa wa nchi walihutubu kwa kishindo. Augustus, kaisari wa kwanza, alianza kujenga kaburi lake mwaka 28 K.K., jengo la mviringo ambalo upana wake unakaribia mita 90. Katika barabara ya Via Appia lipo kaburi la Caecilia Metella, mnara mnene wa mviringo wenye upana wa mita 30 hivi, na maandishi yake yanatwambia kwamba bibi huyo alikuwa binti wa Quintus Creticus na mke wa Crassus. Basi, hayasemi zaidi. Naye Gaius Cestius, aliyekufa katika miongo iliyofuata kutekwa kwa Misri na Warumi mwaka 30 K.K., alijengewa piramidi inayopita urefu wa mita 35, yenye maandishi yanayovitaja vyeo vyake na kujisifu kwamba kazi hiyo ilimalizika kwa siku 330. Ukiyasoma makaburi hayo matatu utajua nani alizaliwa na nani, nani aliolewa na nani, na nani alishika wadhifa gani. Hutajua ni nani aliyewalisha.

Sasa twende Porta Maggiore. Si mbali na kituo kikuu cha reli cha Termini, na mtu mwenye miguu mizima aweza kutembea akafika. Mahali penyewe hapana utulivu tunaouhusisha na makaburi. Tramu zinapita zikipiga kelele, magari yanazunguka, na reli iko karibu. Mbele ya mgeni panasimama lango lenye matao mawili makubwa, ambalo Kaisari Claudius alilikamilisha mwaka 52 B.K. ili mifereji miwili ya maji, Aqua Claudia na Anio Novus, ivuke juu ya barabara mbili, Via Praenestina na Via Labicana. Mkabala wa lango hilo, kati ya barabara hizo mbili za kale, ndipo alipojenga mwoka mikate wetu, zaidi ya nusu karne kabla ya lango lenyewe kuwapo.

Kaburi lina urefu wa mita 10 hivi na limezungushiwa uzio, kwa hiyo mgeni hulitazama kutoka nje. Atagundua mara moja kwamba linasimama chini kuliko barabara ya leo, kwa kuwa ardhi ya Roma imeinuka karne baada ya karne. Atagundua pia kwamba pande zake hazilingani. Kiwanja kilibanwa na barabara, naye fundi hakuwa na budi kufuata umbo la kiwanja. Mafundi wetu wanaojenga katika viwanja vilivyokatwa upogo watamwelewa vyema.

Kiini cha jengo ni zege, ule mchanganyiko wa chokaa, majivu ya volkeno na vipande vya mawe ambao Warumi waliutumia kwa ustadi usio kifani. Nje limevikwa mawe meupe ya chokaa yaitwayo travatini. Chini kabisa kuna msingi wa mawe ya kawaida yasiyo na pambo. Juu ya msingi huo zimesimamishwa nguzo nene za mviringo, zimebanana bega kwa bega, hazina taji wala kitako kama zilivyo nguzo za mahekalu ya Wagiriki na Warumi. Juu ya nguzo hizo unapita mkanda laini wenye maandishi. Kisha, juu ya maandishi, inakuja sehemu inayowashangaza wote: safu tatu za matundu makubwa ya mviringo, yametoa vinywa vyao nje kama mizinga ya nyuki iliyopangwa ukutani. Juu zaidi, chini ya paa ambalo limepotea, ndiko uliko ukanda wa picha za kuchongwa tutakaourudia hivi punde.

Matundu hayo ni ya nini? Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu. Wapo waliosema kwamba ni mfano wa vipimo vya nafaka. Wengine, na hoja yao ina uzito, wanasema ni mfano wa mashine ya kukandia unga. Waoka mikate wa Kirumi walikuwa na chombo cha jiwe cha mviringo, ndani yake mti wenye vipawa vya mbao, ambao ulizungushwa kwa nguvu za mnyama au za mtu hadi donge likalainika. Ndani ya baadhi ya matundu ya kaburini pameonekana shimo dogo la mraba lenye dalili za kutu, mahali ambapo chuma kiliweza kushikizwa. Zile nguzo za chini nazo zinafanana na vyombo hivyo hivyo vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mtu huyu alifanya jambo la ajabu katika ujenzi. Hakuridhika kuazima nguzo za mahekalu. Alichukua chombo cha kazi yake, akakisimamisha kikawa nguzo, akakilaza kikawa pambo.

Maandishi yanathibitisha nia yake. Yamerudiwa katika pande zilizosalia, ili atakayepita barabara hii au ile asiyakose. Yanasema kwamba kaburi ni la Marcus Vergilius Eurysaces, kisha yanatoa maneno mawili ya Kilatini: pistor, yaani mwoka mikate, na redemptor, yaani mkandarasi, mtu aliyepewa zabuni ya kuihudumia serikali. Mwisho linakuja neno apparet, ambalo limewasumbua wanazuoni. Wapo wanaolisoma kama kitenzi chenye maana ya “ni dhahiri”, kana kwamba Eurysaces anatutania: Huoni mwenyewe kwamba mimi ni mwoka mikate? Wapo wanaosema ni kifupisho cha wadhifa mdogo wa mtu aliyewahudumia maofisa wa serikali. Mwalimu wa lugha hapa amepata mfano mwema wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi neno moja linavyoweza kubadilisha sura ya mtu, likamfanya mcheshi au likamfanya mtumishi wa umma.

Ili tuelewe uzito wa kazi yake, hatuna budi kuukumbuka ukubwa wa jiji alilolilisha. Mwandishi Pliny Mkubwa anasimulia kwamba Roma haikuwa na waoka mikate wa kuuza hadi wakati wa vita dhidi ya mfalme Perseus, vita vilivyoanza mwaka 171 K.K. Kabla ya hapo mkate uliokwa nyumbani, nayo ilikuwa kazi ya wanawake. Jiji likafura. Mwaka 123 K.K. Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia nafaka kwa bei nafuu, na mwaka 58 K.K. Clodius akaifanya nafaka hiyo kuwa ya bure. Waliokuwa wakiipokea walifika 320,000 kabla ya Julius Caesar kuwapunguza hadi 150,000. Lakini nafaka si chakula mpaka isagwe, ichekechwe, ikandwe na iokwe. Aliyekuwa na vinu, tanuri na zabuni ya serikali alikuwa na utajiri mlangoni. Hapo ndipo ilipotoka fedha ya kununua mawe ya travatini.

Turudi sasa kwenye ule ukanda wa michongo, kwani hapo ndipo moyo wa kaburi ulipo. Picha hizo zinaisimulia kazi ya mkate hatua kwa hatua. Upande wa kusini tunaiona nafaka ikipokewa na kuandikwa katika daftari, kisha punda wakizungusha vinu vya mawe, na watu wakichekecha unga. Upande wa kaskazini mnyama anaizungusha mashine ya kukandia. Wafanyakazi wamejipanga mezani wakifinyanga mikate, na mmoja anaisukuma tanuri ndani kwa mti mrefu. Upande wa magharibi mikate imejazwa makapuni, inapelekwa kwenye mizani mikubwa na kupimwa mbele ya maofisa. Mavazi yanatofautisha watu. Wafanyao kazi wamevaa kanzu fupi za kazini. Wasimamizi na maofisa wamejitanda toga, vazi la raia wa heshima. Mwalimu anayetaka kufundisha jinsi kiwanda kilivyoendeshwa katika dunia ya kale hatapata chati bora kuliko hii.

Mwoka mikate hakujikumbuka peke yake. Karibu na kaburi palipatikana sanamu ya mwanamume na mwanamke waliosimama pamoja kwa adabu, ambayo inaaminika ilikuwa katika ubavu wa mashariki uliobomoka. Palipatikana pia maandishi yanayomtaja mke wake, Atistia, kwamba alikuwa mwanamke mwema kupita kiasi, na kwamba mabaki ya mwili wake yamo ndani ya panarium, yaani kapu la mikate. Majivu ya mke wa mwoka mikate yakatiwa katika chombo chenye umbo la kapu! Wapo watakaocheka. Lakini tufikiri kidogo. Kapu la mikate ni chombo ambacho watu hao wawili walikiona kila siku ya maisha yao. Ni heshima gani kubwa kuliko kumlaza mwenzio katika kitu kilichowalisha nyote wawili?

Je, Eurysaces alikuwa nani kabla ya kutajirika? Jina lake la mwisho ni la Kigiriki, na majina ya namna hiyo yalikuwa mengi miongoni mwa watumwa wa Roma. Ndiyo sababu wataalamu wengi wameamini kwamba alizaliwa au aliwahi kuwa mtumwa, akapewa uhuru, akapanda ngazi kwa jasho lake. Wengine wametahadharisha. Lauren Hackworth Petersen, katika makala aliyoyachapisha mwaka 2003, alionyesha kwamba kaburi halisemi lolote kuhusu utumwa. Watumwa walioachwa huru aghalabu waliandika herufi ya kuonyesha hali hiyo, na raia waliozaliwa huru waliandika jina la baba. Eurysaces hakuandika hiki wala kile. Mahali ambapo wenzake waliweka nasaba, yeye aliweka kazi.

Hapo ndipo lilipo jambo lililowaudhi mabwana wakubwa, wa zamani na wa baadaye. Petronius, mwandishi wa zama za Kaisari Nero, alimchora Trimalchio, tajiri aliyewahi kuwa mtumwa, akiagiza kaburi lenye michongo ya merikebu na ya yeye mwenyewe akimwaga fedha kutoka mfukoni. Na wasomaji walitarajiwa kucheka. Tangu wakati huo wapo wasomi waliolitazama kaburi la mwoka mikate kwa jicho la Petronius. Walisema halina ladha njema, kwamba ni majivuno ya mtu aliyepata fedha asijue la kuzifanyia. Mwandishi wa makala haya anaipinga hukumu hiyo. Ikiwa Cestius aweza kujisifu kwa vyeo na asiitwe mshamba, kwa nini yule aliyelisha watu asijisifu kwa mikate? Majivuno ni majivuno, lakini majivuno ya Eurysaces angalau yana ushahidi. Anatuonyesha kinu, anatuonyesha tanuri, anatuonyesha mizani.

Pamoja na hayo, haki haina upendeleo, na sifa za mwoka mikate haziwezi kumalizika bila lawama. Tuwatazame tena watu wale wa kwenye ukanda. Wanasaga, wanachekecha, wanafinyanga, wanaoka, wanabeba. Jina la tajiri limechongwa upande huu na upande ule. Jina lao halimo hata mara moja. Waandishi wa kale wametuachia habari za maisha ya kinuni. Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika katika karne ya 2 B.K. juu ya watumwa wa kinu wenye makovu migongoni, wamechomwa chapa kwenye vipaji vya nyuso na kufungwa minyororo miguuni. Mnamo Desemba 2023 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba walikuwa wamefukua huko Pompeii chumba cha kinu na tanuri ambamo watumwa na punda walifungiwa pamoja, madirisha yake madogo yakiwa na vyuma. Ikiwa Eurysaces mwenyewe aliwahi kuvaa minyororo, jambo hilo halikumfanya awaandike majina waliofanya kazi chini yake.

Ndiyo maana kaburi hili lina mafunzo mawili, wala mwalimu asifundishe moja akaacha la pili. La kwanza ni kwamba kazi ya mikono yastahili kuchongwa juu ya mawe. La pili ni kwamba hata yule aliyeitukuza kazi aliweza kuwasahau wafanyakazi. Hata hivyo, lau si yeye tusingewaona kabisa. Hawana majina, lakini miili yao iliyoinama juu ya meza ipo hadi leo, na katika kaburi la Caecilia Metella hawapo kamwe.

La mno ni kwamba kaburi lenyewe nusura lipotee. Wajenzi wa Claudius waliipitisha mifereji yao karibu nalo, wakaliacha. Mwaka 271 B.K. Kaisari Aurelian alianza kuuzungushia mji ukuta, na lango la mifereji likawa sehemu ya ukuta huo. Mwanzoni mwa karne ya 5, enzi ya Kaisari Honorius, ngome za lango ziliimarishwa, na kaburi likafunikwa ndani ya mnara. Humo lilikaa zaidi ya miaka 1,400, hadi Papa Gregory wa 16 alipoamuru ngome hizo zibomolewe mwaka 1838, likatokea tena juani. Mnara uliolificha ndio uliolihifadhi.

Mwalimu atauliza: Haya yote yanatuhusu nini sisi ambao hatuna nauli ya Roma? Yanatuhusu kwa sababu kusoma jengo hakuhitaji nauli. Wanafunzi wetu hukariri majina na tarehe za watawala, wakaijibu mitihani, wakasahau. Ni wachache wanaofundishwa kulitazama jengo na kuliuliza: Nani alikujenga, kwa fedha ya nani, kwa mikono ya nani, na ni jina la nani lililoandikwa mlangoni? Maswali hayo manne yanatosha kulifungua kaburi la Eurysaces, nayo yanatosha kulifungua jengo lolote lile.

Wanafunzi na waanzie karibu. Katika shule nyingi lipo bamba ukutani lenye jina la mgeni wa heshima aliyelifungua darasa, na tarehe ya siku hiyo. Mgeni huyo alikata utepe, akala chakula cha mchana, akaenda zake. Waashi waliopanga mawe, vibarua waliochanganya saruji, kina mama walioteka maji ya ujenzi, wengine wao wangali hai kijijini, na wengine ni wazazi wa wanafunzi hao hao. Mwalimu wa historia na awatume wanafunzi wakawatafute watu hao, wawaulize kazi ilivyofanywa hatua kwa hatua, tangu jiwe la kwanza hadi bati la mwisho, na wayaandike majina yao kikamilifu. Daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Eurysaces alikuwa na fedha za travatini na hakulifanya jambo hilo. Sisi tunahitaji kalamu na karatasi tu.